Kanuni ya Saba

Kilosa, Jumapili 2 Machi 1969

Darasa limefunguliwa leo baada ya ibada, na chai haijaletwa nilikuwa nimekwishagombana na mtu. Msimamizi wetu ni Mchungaji Stefano, aliyekaa mwaka mmoja Uingereza na mpaka leo anabeba mwavuli kama askari anavyobeba bunduki. Alisema tumekuja hapa kujifunza unyenyekevu mbele ya mataifa makubwa. Nikasimama nikamwuliza ukubwa wa taifa hupimwa kwa nini, maana hao wakubwa ndio walioandika barua kuomba watu. Kanisa lao limebaki na vikongwe kumi na mmoja na jiko la makaa. Mwenye kiu ndiye aliyeomba maji, anyenyekee yeye.

"Mwalimu Raheli," akasema, "hujakaa hata dakika tano."

"Ndiyo sababu nimesimama."

Tuko wanne. Lupakisyo, mwinjilisti kutoka Rungwe, na mkewe Magreti watapelekwa kwenye visiwa ambavyo Mchungaji mwenyewe alivitafuta kwenye ramani akavikosa. Mimi na Yudith, muuguzi wa miaka ishirini na sita mwenye sauti ya kumbembeleza mgonjwa, ni wa Uingereza, kaskazini, mji wa makaa ya mawe. Tukimaliza salama tutatumwa siku ya Pentekoste.

Nina miaka arobaini na minane. Kwa miaka ishirini nimeandika katika gazeti la dayosisi kwamba Injili si reli ya upande mmoja, kwamba ipo siku na sisi tutapanda kwenda kwao. Wamenicheka, wamenijibu, nami nimewajibu. Sasa siku imekuja na imelitaja jina langu. Sijawahi kutaka kitu kama ninavyokitaka hiki. Nakiandika hapa kwa sababu kwa mdomo sitakisema.

6 Machi

Mvua ya kwanza. Bati linavuja juu ya vitabu.

11 Machi

Limefika robota la makoti ya sufu kutoka ng'ambo, yananuka naftalini. Langu linafika kwenye vifundo vya miguu. Nilipolivaa uani, mwenye nyumba wangu, Mwinshehe fundi cherehani, aliacha kushona. Yeye ni Mwislamu wa huku bondeni, nami ni mtu wa milimani, na makabila yetu ni watani tangu mababu, kwa hiyo ananiambia atakalo.

"Mtani, huyo dubu amekumeza mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye ulimi, ila ulimi umemshinda."

"Maskini dubu."

Kisha akakagua mishono, akasema kazi ni nzuri, aliyelishona alikuwa mtu mvumilivu. Nililivua polepole.

14 Machi

Somo la milango. Mchungaji anasema kule milango hufungwa, na mtu akikuuliza hali hangoji jibu. Akatupeleka kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli tufanye mazoezi ya kuingia kwa watu wasiotujua.

Mimi nilipiga hodi mara tatu, hakuna aliyeitika, nikaondoka. Ndivyo tulivyolelewa, hodi ya nne ni ya mwizi au ya mdai.

"Kule utaondoka kwenye kila mlango," Mchungaji akasema.

"Basi nifanye nini? Nivunje?"

"Ukae. Ukae pale nje mpaka mtu aone haya akufungulie."

Nikamwambia hiyo si Injili, ni kuombaomba. Hakujibu. Nimegundua kwamba mtu huyu akishindwa hoja hunyamaza, na akishinda pia hunyamaza. Inachosha.

20 Machi

Leo Mchungaji amesoma kanuni za darasa, na ya saba imenikaa kooni.

Niandike ukweli. Kanuni hiyo niliitunga mimi, miaka miwili iliyopita, nilipokuwa mjumbe wa halmashauri iliyounda darasa hili. Enzi za wamisheni, Mzungu alikuwa akimpenda kijana anamchukua, kama mtu anavyokata mkungu wa ndizi shambani kwa mwenziwe, bila kuuliza ni wa nani. Nikasema Uhuru haukuja ili tuendelee kukatwa kama ndizi. Na kwetu milimani mtu hatoki tu. Anayekwenda mbali hutolewa na mkuu wa ukoo wa mama yake, mjomba, au kama mjomba amekufa basi kaka au mdogo aliyerithi nafasi yake. Husimama mbele ya watu akasema, "Huyu ni wetu, na sisi tumemtoa." Asiyetolewa akifia ugenini hana wa kumlilia, na watani hawana ruhusa ya kumzika.

Nikaiandika hivi, kwa mkono wangu: "Atakayetumwa ng'ambo atatolewa mbele ya kanisa na mkuu wa ukoo wake, kwa mdomo wake mwenyewe. Barua haitapokelewa." Hayo maneno mawili ya mwisho yalikuwa ya kuwachokoza Wazungu, wanaofanya kila jambo kwa barua. Halmashauri ilipiga makofi. Sikufikiri mtu wa kwanza kunaswa atakuwa mtegaji.

Mjomba wetu alikufa zamani. Mkuu wa ukoo wetu sasa ni mdogo wangu Filipo. Yuko Mvumi ya huku Kilosa. Hatujasemezana miaka sita.

23 Machi

Mvua siku nzima. Nimejaribu kusoma nikashindwa, basi niandike na hili.

Mama alikufa mwaka 1962. Mwaka uliofuata Filipo, kama mrithi, alikwenda kusafisha kaburi lake, akafagia, akaweka chungu cha pombe ya mtama, akawaita wazee. Mimi nilikuwa nimefika kutoka shuleni na Maandiko kwapani. Nikakipiga chungu kile teke. Mbele ya wazee, mbele ya Sikuzani mke wake, ambaye walikuwa wameoana hivi karibuni na ndiye aliyeipika pombe yenyewe. Kilivunjika juu ya kaburi, udongo ukanywa yote. Filipo aliinama. Aliokota vigae kimoja kimoja.

Ningeishia hapo pengine tungepona. Lakini nikarudi nyumbani nikaandika gazetini juu ya watu wanaomla Kristo Jumapili na mizimu Jumatatu. Jina lake sikulitaja, lakini nani asingejua?

Hoja yangu ilikuwa sawa. Mpaka leo nasema ilikuwa sawa.

29 Machi

Yudith amepata wa kumtoa mapema: mjomba wake ameshuka kutoka milimani, amekwenda kwa Mchungaji kusema atakuwepo Pentekoste na ngoma yake. Amenisalimia, "Shikamoo mwalimu, na wa kwako anakuja lini?" Nikasema, "Marahaba. Njiani."

Huo ni uongo wangu wa kwanza mwaka huu.

Jumapili 6 Aprili, Pasaka

Nimemwandikia Filipo. Karatasi nne. Mwinshehe ana wakwe Mvumi, ameichukua.

13 Aprili, Mikumi

Tuko hapa siku tatu kwa mazoezi ya ugeni. Tumekuja kwa treni, tukafikia nyumba ya wageni iliyo kando ya barabara kuu, ambako malori ya mafuta ya Zambia hupita mchana kutwa, tope mpaka kwenye vioo. Kazi tuliyopewa ni kukaa na watu ambao hawatatuona tena maishani.

Nilikaa kwenye banda la mama ntilie mmoja anayeitwa Teresia. Madereva wanaingia, wanakula wamesimama, wanaondoka. Hakuna shikamoo. Nilimwambia dereva mmoja asiyemzidi umri mwanafunzi wangu wa mwisho, "Hujambo baba." Akanitazama kama ametajiwa deni. Kisha akasema, "Mama, mimi tangu Tunduma sijaulizwa hali." Akakaa. Alizungumza muda mrefu juu ya dada yake wa Kyela ambaye walikosana kwa ajili ya shamba la mpunga. Chakula kikapoa.

"Utakwenda kumwona?" nikamwuliza.

"Nikipita tena."

"Utapita lini?"

"Mimi napita kila wiki, mama," akasema, na akacheka peke yake, akaondoka.

Teresia akafuta meza. "Wote wako hivyo," akasema. "Kila mmoja ana mahali anapopita."

15 Aprili

Kutoka dirishani mwa treni, tukirudi, bonde lote lilikuwa maji. Lupakisyo alikuwa akiimba kwa lugha ya kwao na Magreti akimfuatisha. Nilikuwa najizoeza kichwani hotuba yangu ya kwanza ya kule, ambayo nimeitunga kwa miaka mingi. Inaanza: "Mlitufundisha kusoma, sasa tumekuja kuwasomea." Niliifikisha mpaka katikati. Kisha nikajiuliza kama Filipo bado anakohoa kila masika.

22 Aprili

Mwinshehe amerudi.

"Barua umempa?"

"Nimempa. Ameisoma yote, mara mbili, amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa."

"Akasema nini?"

"Akasema asante kwa kuleta."

"Basi?"

"Akanipa viazi." Mwinshehe alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Mtani, niseme kitu kisicho cha utani? Wewe unaandika gazetini watu wahamie vijiji vya ujamaa, wale pamoja, walime pamoja. Mdogo wako anafanya hivyo. Ndiye mwenyekiti wa shamba lao la pamoja. Nawe una mlango mmoja na sahani moja."

Nilikuwa na majibu matatu mazuri. Nimekwenda kulala nayo.

27 Aprili

Mto Mkondoa umepanda. Mashamba ya chini yamekwenda.

Jumapili 4 Mei

Nimefanya jambo ambalo silipendi. Nimekwenda kwa Mchungaji Stefano kuomba kanuni ya saba ibadilishwe, barua ipokewe. Nilijenga hoja juu ya mafuriko, juu ya afya ya wazee wa ukoo, juu ya udugu wa Kikristo unaopita udugu wa damu. Ilikuwa hoja nzuri.

Alifungua mtoto wa meza akatoa kumbukumbu za halmashauri, akanisomea maneno yangu ya mwaka 1967: "Anayesema udugu wa kanisa unatosha, hajawahi kuugua mbali na kwao."

"Niliyasema mimi," nikasema.

"Nami nilikupigia kura. Unajua kwa nini?"

Sikujua. Miezi miwili nimemwona mtu wa Wazungu, kibaraka mwenye mwavuli. Akaniambia kwamba alipokwenda Uingereza hakuaga mtu. Aliitwa, akapanda meli. Mama yake akafa yeye akiwa kule. Barua ikafika wiki ya saba, siku ambayo alikuwa akihubiri juu ya furaha. Akarudi kijijini, watu wakampa kiti kama mgeni. Watani hawakumtania hata neno.

"Hakuna aliyenitoa," akasema, "basi hapakuwa na wa kunipokea. Mpaka leo nikifika kule nyumbani wananipikia wali."

Wali, chakula cha wageni. Nilikaa nikitazama mwavuli wake kwenye kona. Kisha nikaaga.

11 Mei, Rudewa

Nimeamua kwenda mwenyewe Mvumi. Nimepanda lori la mkonge mpaka Rudewa, na hapo safari imeisha: mto umelibeba daraja la magogo. Watu walikuwa wamesimama ukingoni kama kwenye msiba. Ng'ambo ya maji niliiona njia ya Mvumi, nyekundu, inakwenda zake.

Hapo gulioni, kwenye vibanda vya zamani vya mkonge, nikamkuta Sikuzani. Alikuwa amekuja na nyanya siku mbili zilizopita akazuiwa na maji upande huu, amefikia kwa ndugu zake. Nilimtambua kwa namna anavyofunga khanga. Sikujua nianze vipi.

"Shikamoo wifi," akasema yeye. Adabu haikumpungua hata chembe, na ndiyo iliyoniumiza.

"Marahaba. Filipo hajambo?"

"Anakohoa."

"Barua yangu aliipata."

"Aliipata. Akasema umeandika vizuri." Alipanga nyanya zake, kubwa mbele, ndogo nyuma. "Kama ile nyingine."

Nikavumilia. Nikamweleza kila kitu, Pentekoste, kanuni, mji wa makaa ya mawe, kwamba asiposimama Filipo sitakwenda, na nafasi itakwenda kwa mtu mwingine. Alisikiliza huku akiuza.

"Wifi, hiyo barua ilikuwa karatasi ngapi?"

"Nne."

"Na kote huko hukuandika chungu."

"Chungu?"

"Chungu changu. Nilipewa na mama yangu nilipoolewa. Ulikivunja, ukaandika juu ya mizimu, ukaandika juu ya Filipo. Chungu hukukiandika popote."

Mteja akaja akauliza bei, akajibiwa. Mimi nilisimama pale. Miaka sita nimejitetea mbele ya wazee, mbele ya ndugu wa kiroho, mbele ya Mungu, na mwenye chungu sikuwahi kumfikiria. Nikasema, "Nisamehe, Sikuzani." Yalikuwa maneno mawili tu, na yalinitoa jasho kuliko makala zote.

Alimaliza kumrudishia mteja chenji. Kisha akanipa nyanya tatu, akasema maji yakipungua atamwambia.

18 Mei

Mvua imekatika siku mbili. Yudith ananifundisha kufunga skafu. Ikanyesha tena jioni.

24 Mei

Kesho. Hakuna habari kutoka Mvumi. Nimelipiga pasi koti.

Jumapili 25 Mei, Pentekoste

Nitaandika kwa utaratibu, kama mtu anayepanda ngazi gizani.

Kanisa lilijaa mpaka nje. Mjomba wa Yudith alisimama na ngoma yake, akasema maneno ya kwetu kisha ya Kiswahili, "Huyu ni wetu na sisi tumemtoa," na akina mama wakapiga vigelegele, na Yudith akalia kama mtoto. Kwa Lupakisyo na Magreti alisimama mzee aliyesafiri kutoka Rungwe siku tatu. Kisha Mchungaji akasoma jina langu. Akauliza nani anamtoa Raheli.

Hakuna aliyesimama. Nilimwona Mwinshehe amesimama nje ya mlango, kofia mkononi, hakuingia lakini hakuondoka. Mchungaji akauliza mara ya pili. Nilikuwa nikihesabu matofali ya madhabahu. Akavuta pumzi aulize mara ya tatu, na sauti ikatoka nyuma.

"Nipo. Njia ilikuwa mbaya."

Alipita katikati ya watu, suruali imekunjwa mpaka magotini, tope limemkaukia miguuni, viatu mkononi. Mdogo wangu ameota mvi. Akafika mbele, akaweka viatu chini, akanigeukia mimi kwanza, si Mchungaji.

"Shikamoo dada."

Miaka sita. Marahaba ilitoka, lakini sidhani kama iliwafikia watu wa nyuma.

"Mimi ni Filipo," akaliambia kanisa. "Nimetembea tangu jana alfajiri. Kanuni yenu mliyoibandika mlangoni nimeisoma. Inasema kweli, na mwandishi wake namjua." Watu wakacheka kidogo. "Inanitaka niseme huyu ni wetu na tumemtoa. Ni wetu, hilo nalisema. La pili siwezi. Mtu hutolewa ndani, na dada yangu hayuko ndani. Miaka sita hajala kwetu. Hajui mlango wangu unatazama wapi. Mke wangu hajawahi kumwekea maji ya kuoga. Nikisema leo tumemtoa, nitakuwa nimesema uongo kanisani, na yeye ndiye atakayeniandika gazetini."

Hapo kanisa zima likacheka, na Mchungaji pia, na mimi nikaona mdomo wangu umefunguka nami nacheka huku macho yamejaa.

"Sikatai," akasema. "Nasema arudi kwanza. Ale mavuno yetu mara moja. Mwakani nitasimama hapa hapa, na nitasema la pili."

Mchungaji alinitazama. Nilikuwa na haki ya kujibu. Ni kanuni ya tisa, niliitunga pia. Ningeweza kusema wito wa Mungu haungoji mavuno, na kwamba mwakani wale vikongwe kumi na mmoja watakuwa saba. Nilimtazama Filipo miguuni. Kisigino kimoja kilikuwa kimechanika na damu imeshikana na tope.

Nikasema, "Nimesikia."

30 Mei

Yudith ameondoka kwa treni ya Dar es Salaam, na Natalia, mwalimu wa Morogoro aliyetolewa jana na mjomba wake, amepewa nafasi yangu. Nimempa Yudith hotuba yangu aisome kule akipenda. Alipotoa mkono dirishani nilikimbia kando ya behewa, mimi mtu mzima, mpaka jukwaa likaisha. Kisha nikasimama pale nikatazama reli mpaka fundi taa akaniuliza kama nimepotelewa na kitu.

Jumapili 8 Juni, Mvumi

Mwinshehe amenisindikiza mpaka Rudewa na sanduku langu. "Ukivunja na sufuria," akasema, "usirudi kwangu." Daraja jipya la magogo bado linanuka utomvu.

Nyumba ya Filipo inatazama milimani, kwetu. Nilipiga hodi mara tatu. Hakuna aliyeitika, wote walikuwa shamba la pamoja. Basi nikakaa juu ya sanduku, nje ya mlango, nikangoja. Nilikaa mpaka jua likahama kutoka bega moja hadi jingine. Sikusoma kitu.

Sikuzani ndiye aliyetangulia kurudi, jembe begani. Akanitazama, akalitazama sanduku.

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi."

"Na hukuondoka."

Nikampa nilichokuwa nimekibeba mapajani kutoka Kilosa ndani ya lile koti la dubu, kisije kikapata ufa: chungu. Alikigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. "Hiki cha wanawake wa Ilonga," akasema. "Hakifikii cha mama." Akakiingiza ndani. Kisha akanipikia ugali na mlenda. Siyo wali.

20 Julai

Tumemaliza kuvuna mahindi. Mikono yangu ina malengelenge ya mtu aliyeshika chaki miaka ishirini na mitano. Leo imefika barua ya Yudith. Anasema kuna baridi hata sasa, wakati ambao wenyeji wanauita majira ya joto. Anapiga hodi, hawafungui, anakaa. Bibi mmoja alimfungulia siku ya nne akamwuliza kama anaumwa. Hotuba yangu hajaisoma. Anasema watu wenyewe wamechoka sana, haoni vema kuwaanza hivyo.

Niliisoma barua mara tatu, kisha nikatoka nikasimama pale njia ya Kilosa inapoanzia. Hamu haijapungua. Nilidhani jembe litaipunguza.

Jioni Filipo aliniambia kwamba wiki ijayo atakwenda kusafisha kaburi la mama.

"Sitakunywa," nikasema. "Sitamwaga, lakini sitakunywa, wala sitayaitikia maneno ya wazee. Ujue mapema."

Alikohoa, akageuza kuni jikoni.

"Dada, nani amekukaribisha kunywa? Nilitaka kukuomba ushike ufagio."